Mabamvu matano: mwongozo kamili wa kulifikisha lengo lako bila kungoja hamu

Kila baada ya Idi, na kila mwaka mpya unapoingia, napokea salamu za namna moja: "Dada, safari hii nimeamua." Miezi miwili ikipita, mtu ni yuleyule na maneno ni yaleyale. Nilianza vizuri, sijui nimekwamia wapi.

Nimewasikiliza, huku kwetu Pemba, wafunga mwani wa Micheweni, vijana wa bodaboda wa Chake Chake, walimu wa skuli, wauza samaki wa Tumbe. Hakuna mvivu hata mmoja kati yao. Mtu anayeinama kwenye maji ya magotini tangu saa tatu asubuhi hadi bahari irudi, huwezi kumwambia akazane zaidi.

Wanakwama mahali pamoja. Wanaliachia lengo lisukumwe na hamu, na hamu ina tabia ya maji: hujaa, hupwa. Kazi ya mwongozo huu ni kukuonyesha namna ya kulifunga lengo kwenye vitu ambavyo hurudi upende usipende: saa ya swala, mwezi, na jicho la mtu mwingine. Uongozi nao naueleza humuhumu, kwa sababu nilivyoona mimi, aliyeshindwa kujiongoza mwenyewe kwa siku kumi na tano hawezi kukiongoza kikundi kwa mwaka.

## Utakavyohitaji kabla ya kuanza

- Daftari dogo na kalamu iliyofungwa kwake kwa uzi. Kipande cha taitai, ule uzi wa kufungia mwani, kinatosha.
- Kalenda ya ukutani yenye tarehe za Kiislamu pamoja na za kawaida.
- Shahidi mmoja. Nitaeleza ni nani kwenye hatua ya 4.
- Kama lengo ni la fedha: kopo lililozibwa, lenye tundu juu tu.
- Siku 74, yaani mabamvu matano (bamvu ni kipindi cha kutoka maji makubwa hadi maji makubwa mengine). Hizi ni za kukijenga kitendo cha kila siku; lengo lenyewe laweza kuchukua zaidi.

Usinunue kitu kingine. Nimeona watu wakinunua madaftari ya bei na kupakua programu tatu kwenye simu, kisha wakahisi kazi imeshaanza.

Kwa nini bamvu? Maji makubwa hurudi kila baada ya siku 14 au 15, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu. Wiki moja kwetu ni fupi mno: ikitokea maziko na harusi, imeshakwisha. Mwezi mzima nao ni mrefu mno. Unakuja kugundua umepotea wakati ulishapotea siku ishirini nyuma. Bamvu liko katikati, na hata ukikaa ghorofani Michenzani, mjini Unguja, bila kuikanyaga pwani, mwezi unauona dirishani.

## Hatua ya 1: Andika lengo moja lenye kiasi na tarehe

Moja. Si matatu.

"Nataka kujiendeleza" si lengo, ni dua, na dua ina mahali pake. Lengo ni hili: "Nitanunua cherehani na meza yake kwa shilingi 480,000 ifikapo bamvu la kumi na mbili." Hilo aliliandika msichana mmoja wa Konde anayeuza maandazi asubuhi na kufunga mwani maji yakipwa. Nitamtumia kama mfano hadi mwisho, kwa ruhusa yake.

Sababu: lengo lisilo na kiasi haliwezi kukuaibisha, na lisiloweza kukuaibisha haliwezi kukuamsha.

Tahadhari: jiulize lengo hili ni la nani. Kijana mmoja alikuja kwangu na lengo la kufungua duka la nguo. Nilipomuuliza angeuza nini siku ya kwanza, akanyamaza. Kumbe duka alilitaka kaka yake. Yeye alitaka kujifunza umeme wa majumbani, na alipoliandika hilo mkono haukusita.

Utajua umefaulu: mtu asiyekujua akisoma mstari wako ataweza kusema, siku ile ikifika, kama umefika au hujafika.

## Hatua ya 2: Gawa kwa mabamvu, kufuata pato lako lilivyo

Hapa ndipo wengi wanapoharibu hesabu. Wanachukua 480,000, wanagawa kwa kumi na mbili, wanapata 40,000 kila bamvu, kisha bamvu la kwanza linawashinda na la pili wanaacha.

Pato la watu wetu haliji sawasawa. Mwani uliofungwa leo huvunwa baada ya siku 45 hivi, yaani mabamvu matatu. Mwenye mikarafuu hupata kwa msimu, na kuna mwaka mti unabeba na mwaka unapumzika. Mwenye mshahara hupata mwisho wa mwezi. Kwa hiyo mgao ufuate mfuko.

Wa Konde alipanga hivi: bamvu la kwanza 20,000, la pili 20,000, la tatu (mwani unapouzwa) 80,000. Jumla 120,000. Mzunguko huo mara nne ndiyo 480,000 yake.

Tahadhari: bamvu la kwanza liwe jepesi kuliko unavyoweza. Ushindi wa mwanzo ndio unaokupa ujasiri wa kuendelea.

## Hatua ya 3: Tafuta kitendo kidogo, kifunge kwenye jambo usiloliacha

Shangazi yangu husuka ukili. Hana saa ya ukutani na hana mpango wowote ulioandikwa. Akishasali Isha hakunji mswala. Hujivuta nyuma kidogo, hunyoosha mkono wa kushoto, na fungu la miyaa liko palepale, limeshalowekwa tangu Magharibi. Anasuka pima mbili. Akimaliza hunyoosha mikono yote miwili kifuani kupima, hukata mwisho kwa meno, ndipo anapokunja mswala. Sijawahi kumsikia akisema leo sina hamu. Swali hilo halimjii, kwa sababu kitendo kimeshashikana na Isha.

Ufanye hivyohivyo. Andika sentensi ya namna hii: "Nikishamaliza (jambo ninalolifanya kila siku), kabla ya (jambo linalofuata), nitafanya (kitendo kidogo)." Mwanasaikolojia wa Kijerumani Peter Gollwitzer aliandika mwaka 1999 kwamba mpango uliofungwa hivi, "likitokea hili nitafanya lile", hutekelezwa vizuri kuliko nia iliyoachwa wazi. Shangazi alishayajua kwa njia yake.

Sentensi ya yule wa Konde ilikuwa: "Nikishaosha karai la maandazi, kabla ya kuliinika, nitatia 1,500 kwenye kopo." Siku kumi na tano ni 22,500. Akikosa siku moja ni 21,000, bado lengo la bamvu limetimia. Hesabu yako nayo iwe na nafasi ya siku moja ya kukosa.

Kama lengo ni kusoma, kitendo ni kurasa mbili. Kama ni afya, ni kutembea hadi msikitini na kurudi. Kama ni mtihani wa marudio, ni swali moja la hesabu, si sura nzima.

Tahadhari ya kwanza: usikifunge kitendo kwenye maji. Maji huchelewa kwa karibu dakika 50 kila siku. Leo yanapwa saa nne, baada ya wiki yanapwa saa kumi. Bamvu ni la kuhesabia, swala ni ya kutendea. Huku kwetu karibu na ikweta nyakati za swala hazipishani sana kutoka mwezi hadi mwezi, kwa hiyo zinashika.

Tahadhari ya pili: usiongeze kiasi kwa furaha. Siku ya nne utajisikia mkubwa, utataka kutia 5,000 au kusoma kurasa thelathini. Usifanye. Siku ya nane utachoka na kitendo kitaonekana mzigo.

Muda wake: Phillippa Lally na wenzake wa University College London walichapisha mwaka 2010 utafiti wao kuhusu watu waliokuwa wakijijengea tabia moja ya kila siku. Kwa wastani ilichukua siku 66 hadi jambo lifanyike lenyewe bila kujisukuma. Wapo waliofika kwa siku 18, na wapo ambao hesabu yao ilikadiriwa kufika 254. Ndiyo maana nasema mabamvu matano, siku 74, na si "siku ishirini na moja" zinazotangazwa kila mahali. Ukifika siku ya thelathini bado unajisukuma, hujaharibika.

Utajua umefaulu: siku utakayosahau utahisi kama umetoka nyumbani bila kofia au bila mtandio.

## Hatua ya 4: Tafuta shahidi, si mshangiliaji

Mshangiliaji atakwambia hongera. Shahidi atakuuliza.

Mchague mtu unayemheshimu kiasi cha kuona haya kumdanganya, lakini asiwe mkali wa kukufanya umkimbie. Mama mkubwa, mwalimu wako wa chuo, jirani mwenye duka. Mume au mke mara nyingi hafai kwa kazi hii: atakuonea huruma, au jambo litageuka ugomvi wa jikoni.

Ombi lenyewe liwe wazi. Mimi niliomba hivi:

"Shikamoo, bi mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Kuna nini usiku huu?"

"Nina ombi. Sitaki fedha wala dawa. Nataka kila mwezi ukiandama, na kila ukiwa mpevu, uniulize neno moja tu: limetimia au halikutimia? Nikianza hadithi ndefu, uniulize tena."

Akacheka. Lakini bamvu la pili nilianza hadithi ndefu, naye akaniuliza tena, kwa sauti ileile, huku akiendelea kuchambua mchele. Nikajibu: halikutimia. Neno hilo moja lilinifaa kuliko nasaha za mwaka mzima.

Tahadhari: usimchague mtu anayekudai wala unayemdai. Na usilitangaze lengo kwenye simu kwa watu mia mbili. Ukishapongezwa kabla ya kazi, utamu wake umeshaula.

## Hatua ya 5: Usiku wa hesabu

Tarehe mosi na tarehe kumi na tano za mwezi wa Kiislamu, baada ya Isha, kaa dakika ishirini na daftari lako. Andika majibu ya maswali matatu: Kiasi kimetimia? Siku ngapi nimekosa, na kila moja kwa nini? Nabadilisha nini, kimoja tu?

Ukurasa wa bamvu la pili la yule wa Konde niliuona. Alama kumi na moja za tiki, zimepinda upande kwa sababu aliandika amesimama. Herufi H mara mbili, harusi. Herufi M mara moja, maziko. Na siku moja tupu, haina herufi. Nilimuuliza habari ya siku ile tupu. Akafikiri, akasema: "Ile siku kopo lilikuwa chumbani, na chumbani mgeni amelala." Badiliko lake likawa moja: kopo likahamia jikoni, nyuma ya chungu cha maji. Bamvu lililofuata hapakuwa na siku tupu.

Siku yenye herufi ina sababu. Siku tupu ndiyo ya kuikamata, kwa sababu ndiyo inayoonyesha kizuizi ambacho hukijui.

## Hatua ya 6: Jiandae kwa siku zinazojulikana zitakuvunja

Sisi si watu wa kufunga mlango jirani anapofiwa, na sitaki uwe hivyo. Kwa hiyo andika mapema kipimo cha siku mbaya. Kama kitendo ni 1,500, siku mbaya ni 200. Kama ni kurasa mbili, siku mbaya ni mstari mmoja. Kitendo kisife, kipungue tu.

Mambo ya kuyaandalia kipimo ni haya: mwezi wa Ramadhani, ambapo ratiba yote inageuka na bora ukihamishe kitendo kiwe baada ya daku, masika ya Machi hadi Mei, ambapo mwani haukauki vizuri na fedha inachelewa, na msimu wa karafuu, ambapo mtu anachuma mchana, anachambua usiku, kesho anaanika.

Kanuni ni moja: usikose mara mbili mfululizo. Utafiti wa Lally uliona kwamba kukosa siku moja hakuivunji tabia inayojengwa. Kinachoivunja, kwa niliyoyaona mimi, ni ile kauli ya jioni ya pili: "Ah, jana nimeshakosa, nitaanza tena mwezi ujao."

## Hatua ya 7: Ongoza watatu kabla ya thelathini

Usianze hatua hii kabla ya bamvu la tatu. Nitakaa hapa kidogo, maana hapa ndipo nilipoumia.

Nilipochaguliwa kukiongoza kikundi chetu cha mwani na hisa, tulikuwa wanawake ishirini na sita na malengo tisa kwenye karatasi moja. Kikao kilikuwa saa kumi alasiri. Siku moja nilifika saa kumi na dakika arubaini. Nilikuwa na sababu nzuri, na hakuna aliyenilaumu. Ila mawingu yalikuwa yameingia upande wa mashariki, na wanne walikuwa wameshaondoka kwenda kuanua mwani wao kwenye chanja. Kikao kilichofuata waliochelewa walikuwa tisa. Cha tatu, tulikaa watu kumi. Hakuna aliyegoma. Walijifunza kwangu kwamba saa kumi si saa kumi.

Nikaanza upya na watu watatu tu. Tabia nilizojilazimisha nazo ni hizi, na kila moja ina sababu yake.

Fika kabla, utandike jamvi mwenyewe. Mtu akimkuta kiongozi ameshatandika, huona haya kuchelewa. Usiseme neno kuhusu kuchelewa, jamvi litasema.

Taja kazi kwa jina na siku. "Tununue kamba" haimfikii mtu yeyote. Sema: "Bi mdogo, kamba utanunua wewe Jumamosi ukienda Wete, risiti unipe Jumapili baada ya Adhuhuri." Mwambie kwa upole, umtazame, ungoje aseme "sawa" kwa kinywa chake.

Hesabu fedha hadharani, kwa sauti. Sanduku letu lina kufuli tatu na funguo ziko kwa watu watatu wa nyumba tofauti. Fedha ikitoka huhesabiwa na wawili, wa tatu huandika, wote wanasikia. Hata kama wanakuamini, hesabu. Shaka ikishaingia kwenye fedha ya hisa, udugu wa miaka hauitoi.

Kosa lako litangulie. Kabla ya kumuuliza mtu kuhusu kazi yake, toa hesabu ya yako: "Mimi nilisema nitakwenda kwa sheha Jumanne, sikwenda. Nakwenda kesho asubuhi." Baada ya hapo hakuna atakayeficha lake.

Zungumza mwisho. Kiongozi akishasema analolitaka, wazee wataheshimu na vijana watanyamaza, na utadhani mmekubaliana. Waulize kwanza, uanze na mdogo kuliko wote, umalizie kwa mkubwa. Mkubwa naye mwombe radhi mapema: "Bibi, kwa ruhusa yako, leo naanza na watoto." Atakuruhusu, na mara nyingi atafurahi.

Tahadhari: usimkemee mtu mbele ya watu. Kama kuna neno, mfuate kwake jioni, keti barazani, mnywe chai kwanza. Aliyeaibishwa kikaoni hutoka na wenzake wawili.

Utajua umefaulu: siku uliyosafiri kwenda Unguja au umelazwa na homa, kikao kikafanyika saa kumi, na sanduku likafunguliwa na kufungwa bila wewe kupigiwa simu. Mimi nilisubiri hadi bamvu la tisa kuliona hilo.

## Ukikwama katikati

Kama mabamvu mawili mfululizo hayakutimia, punguza kitendo nusu, usilibadilishe lengo. Kama kitendo kinafanyika kila siku lakini kiasi hakifiki, tatizo ni mgao wa hatua ya 2, urudie. Kama hukumbuki kabisa kutenda, jambo ulilolifungia si la kila siku, tafuta jingine. Na kama umeacha kumjibu shahidi wako, nenda nyumbani kwake leo, usitume ujumbe.

## Hatua ya 8: Bamvu la tano, pima na uache mbegu

Usiku wa bamvu la tano hesabu siku zote 74. Ukiwa na alama 60 au zaidi, kwa uzoefu wangu kitendo kimeshika na unaweza kukiongeza kidogo, robo yake tu. Ukiwa chini ya hapo, baki palepale kwa mabamvu mawili mengine. Hakuna wa kukukimbiza.

Na lengo kubwa likitimia, fanya anavyofanya mvuna mwani mjuzi. Anapotoa mwani kwenye kamba hapeleki wote kwenye chanja. Huchagua vishada vizuri, akavifunga tena siku ileile kabla maji hayajarudi. Yule wa Konde alipofungua kopo kununua cherehani, alirudisha 20,000 ndani kabla ya kutoka nyumbani. Fanya hivyo. Kisha fungua ukurasa mpya, andika lengo la pili na kiasi chake na tarehe ya mwandamo unaofuata, umpelekee shahidi wako alisome kabla hajalala.